Plagi ya Tatu

Watu walimwita Masizi, naye hakulikataa jina hilo, maana yeye alikuwa na majina mabaya zaidi kwa ajili yao. Miaka ishirini na sita ameinama juu ya injini za magari makuukuu, na kadiri mgongo ulivyopinda ndivyo dharau yake ilivyonyooka. Gari halisemi uongo, aliamini. Mwongo ni mwenye gari. Kwa hiyo mteja akianza, "Fundi, jana nilipokuwa napanda kile kilima," Masizi humkatiza kwa kiganja, akafungua boneti, akang'oa nyaya, akazichomoa plagi nne kwa spana ndefu na kuzipanga kwenye ubao wenye matundu manne, kuanzia upande wa rejeta. Kisha huzisoma. Ncha yenye rangi ya tofali lililochomwa: injini ina afya. Nyeusi na kavu kama kitako cha sufuria: petroli imeizidi hewa. Nyeupe kama mfupa: joto linaila injini. Nyeusi yenye utelezi: oili imepanda mahali isipoalikwa.

Ukutani alipigilia safu ya misumari. Plagi iliyomchukiza kupita kiasi aliitundika hapo kwa waya, na chini yake akaandika kwa chaki kazi ya mwenyewe. Mwalimu. Muuza mbao. Karani wa mahakama. Wapita njia walicheka. Wahusika walipita upande wa pili wa barabara.

Mtu aliyemdharau kuliko wote hakuwa na plagi ukutani, kwa sababu alikuwa shemeji yake: mume wa mdogo wake, afisa ugavi, kalamu mbili mfukoni, debe tupu lisilonyamaza hata msibani. Mdogo wake mwenyewe alikuwa mkunga. Gari lao kuukuu ndilo lililompeleka kwa wanawake waliotoka kujifungua, nyumba kwa nyumba, mpaka kule juu ambako barabara hukata tamaa. Mwaka uliotangulia Masizi aliifungua injini yake na kuiunda upya. "Hii itakuzika," alimwambia shemeji yake siku ya kulikabidhi.

Sasa ilikuwa inakohoa. Asubuhi moja shemeji aliliingiza gereji huku likitoa moshi, mkewe kando, akashuka na kuutia ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Shemeji, gari halina tatizo. Tatizo dereva. Huyu anavuta choki asubuhi, kuiongezea injini baridi petroli, anaisahau mpaka jioni. Nimemnyang'anya ufunguo. Atembee kwa miguu, akili zimrudie."

"Sijawahi kuisahau," alisema mkunga.

Masizi alimtazama mdogo wake. Alishawahi kumwona akiegesha. "Wanaosahau choki nawajua kwa sura," akasema, kwa sauti iliyomfikia mshona viatu wa jirani, naye akacheka kwa adabu ya jirani. Mkunga aliinamisha uso.

Plagi zilipotoka, Masizi alidhani macho yamemhadaa. Zote nne zilimeta kama vijiko vya harusi.

"Nimekurahisishia kazi," shemeji akasema. "Jana nilizisugua kwa msasa, nikazisuuza kwa petroli. Sikutaka uchafuke bure."

Masizi alizitazama, kisha akamtazama yeye, kuanzia kalamu hadi viatu. "Umeosha maiti, halafu unaniuliza amekufa kwa nini."

"Usinikasirikie, shemeji."

"Mpe mkunga ufunguo siku tatu. Aendeshe. Boneti asiiguse mtu, wewe hasa. Siku ya nne nileteeni, tutajua mharibifu ni nani. Plagi haina shemeji."

Siku ya nne walirudi, mkunga kwenye usukani, mumewe pembeni amekunja mikono kama hakimu aliyekwisha andika hukumu. Masizi alichomoa. Ya kwanza, rangi ya tofali. Ya pili, tofali. Ya tatu ikatoka nyeusi, imelowa, inateleza vidoleni. Ya nne, tofali.

Choki iliyosahaulika ingezipaka zote nne masizi makavu. Hii moja ilikuwa inasema jambo lingine.

"Zungusha," alimwambia mdogo wake, na kuziba tundu la tatu kwa kidole gumba. Injini ikazunguka, pumzi ikamgusa kidole kwa unyonge, kama ya mgonjwa. Akadondosha kijiko cha oili ndani ya tundu. "Zungusha tena." Safari hii pumzi ilimtupa kidole. Oili ilikuwa imeziba pengo. Basi ni ringi, zile pete zinazoikaba pistoni kiunoni.

Ndipo alipokumbuka. Jioni moja ya mwaka uliopita, ringi ya pistoni ya tatu ilimkatikia mkononi. Maduka yalikuwa yamefungwa, shemeji anapiga simu kila nusu saa. Akaingiza mkono kwenye kopo la vyuma vikuukuu, akapata moja iliyokaribia kufanana, akafunga. Itakaa yenyewe, alijiambia. Maneno yale yale ambayo, akiyasikia kwa fundi mwingine, aliyatemea mate.

"Haya, shemeji, soma!" afisa aliita, akiuchomoa ufunguo na kuutia mfukoni. "Choki, au nimekosea?"

Ilikuwa rahisi mno. Kitambaa kilikuwa mkononi. Neno moja tu, na mshona viatu angetikisa kichwa, na mkunga angepanda kilima kwa miguu na mkoba wake begani, mvua na jua. Mkono wa Masizi, bila kuagizwa, ulikuwa umekwisha anza kufuta.

Mkunga alikuwa ameshuka. "Kaka, mbona unaipangusa?"

Kitambaa kikasimama. Masizi alijiona kama awaonavyo wateja, akakitupa kitambaa kando.

"Aliyeharibu gari hili si dereva," akasema. "Ni fundi. Aliweka ringi kuukuu kwenye pistoni ya tatu, akafunga, akanyamaza kimya."

"Fundi gani mpumbavu hivyo?" shemeji akauliza. Kisha uso wake ukaanza kung'aa polepole, kama taa yenye utambi mbichi. "Ala! Ala, ala!"

"Naifungua injini leo hii, kwa gharama yangu. Na ufunguo ni wake."

Mkunga alinyoosha mkono kwa mumewe mpaka akaupata, kisha akamgeukia kaka yake. "Na ile sura uliyosema unaijua?"

"Nilisema upuuzi."

"Uliusema kwa sauti kubwa."

Masizi aligeuka kuelekea kwa mshona viatu, na kwa sauti ile ile ya siku ile akapaza: "Jirani! Choki hakuisahau! Kosa ni langu!"

Shemeji hakungoja. Alichukua plagi ya tatu, waya na kipande cha chaki, akaenda ukutani akipiga mluzi. Chini ya msumari mtupu aliandika FUNDI kwa herufi za kiofisi, akatundika, akarudi nyuma hatua mbili kufurahia kazi yake. Ncha ilikuwa imegeukia ukuta. Oili haikuonekana hata chembe.

Masizi alivumilia kwa pumzi moja tu.

"Igeuze," akasema. "Ncha itazame barabarani. Hata kumuaibisha mtu hujui."