Siku Thelathini za Pole

Wakili wa kiwanda alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mheshimiwa msuluhishi, huyu mama amechelewa. Sheria inampa siku thelathini tangu aachishwe kazi. Yeye kaja kushtaki siku ya thelathini na nane."

Msuluhishi akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

"Nilikuwa nyumbani, nampikia yeye uji," nikasema, nikamwonyesha wakili kwa mkono wangu wenye vidole viwili.

Watu wakacheka. Wakili naye akacheka kidogo.

Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, Singida mjini. Mkanda wa mashine haukuwa na kifuniko. Tulisema, meneja akajibu kinakuja. Mkanda ukanichukua vidole vitatu. Nilipotoka hospitali nikapewa barua: nimeachishwa kwa utoro. Siku nilizolala wodini ndizo walizoziita utoro. Mimi hata shule niliishia darasa la nne kwa sababu ya ng'ombe wa baba, si kwa utoro.

Nikarudi kwetu Sepuka, nimepanga kwenda kushtaki wiki ileile. Jumapili akaja wakili na mzee wetu wa kanisa, wamebeba sukari kilo mbili na mche wa sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Tumekuja kukupa pole. Meneja anaumia sana. Tuyamalize hapahapa nyumbani, mama. Barua ya kufuta huo utoro inachapwa."

Mzee wa kanisa akadakia, "Mtu aliyekuja kwako na pole humpeleki mbele ya serikali. Watu watakushangaa."

Na kwetu ni kweli. Mtu akishakaa kwako akanywa uji wako, humshtaki kabla maneno hayajaisha. Akaja mara nne. Kila akija, barua inachapwa. Mara ya mwisho aliomba aione ile ya kuniachisha. Akaangalia tarehe, akanirudishia, akaaga vizuri. Hakuonekana tena. Nikangoja wiki nzima, ndipo nikapanda gari kwenda mjini.

Mbele ya msuluhishi hakukataa. "Nilikwenda kweli," alisema, "kama kijana kwa mama yake. Mambo ya kazi hatukuandikiana."

Msuluhishi akaniuliza kama nina maandishi yoyote. Nani anamwandikisha mgeni? Shauri likatupwa.

Siku hizi wakili ana ofisi kubwa, na mameneja wanakwenda kwake kufundishwa namna ya kuachisha watu. Mlinzi mmoja wa ghala la asali Itigi aliniambia naye alipelekewa sukari, mara tatu. Nikaelewa kwamba ile haikuwa huruma. Ndiyo kazi yenyewe, na anaijua.

Basi nawataja. Meneja, kwa mkanda. Mzee wa kanisa, maana sheria haijui lakini mimi ananijua. Na wakili, aliyekuwa akihesabu siku huku ananiita mama. Faili langu bado linasema mtoro. Kila ninapoomba kazi, hata ya kufagia, wanapiga simu kiwandani na kuambiwa hivyo.

Wewe wakili, kila Pasaka unapita Sepuka ukienda kwenu. Safari hii simama. Majirani waliokuona ukiingia kwangu bado wapo. Ujibu mbele yao: hiyo barua uliyosema inachapwa, iko wapi?