Aliyefunga Breki ya Kulia

Mimi si mtu wa hadithi za mizimu, na siku hiyo sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa kumi jioni, kando ya barabara pale Misikhu, na mama wa kibanda cha chai alikuwa anatazama. Kwa hivyo ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni fundi wa breki, Kitale. Miaka kumi na sita nilifanya kazi na Simiyu, mtu wa Bungoma. Yeye gurudumu la kulia, mimi la kushoto, gari katikati yetu. Tulipiga gumzo siku nzima bila kuonana uso. Alikuwa akichanganya l na r, nami nilimtania mpaka akazoea. Sheria yake ilikuwa moja: usibomoe breki za dramu pande zote mbili kwa pamoja. Unajua ndani ya dramu mna nini? Mna viatu viwili vya chuma vilivyobandikwa laining, ule utando mgumu unaoshika. Ukikanyaga breki vinasukumwa nje, vinabana dramu, kile chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Ukiachia, springi zinavirudisha. Lakini springi hizo zinafanana tu, si sawa, na kiatu kimoja ni cha mbele, kingine cha nyuma. Ndiyo maana unabomoa upande mmoja na kuacha mwingine mzima, uwe wa kuangalizia.

Tulikosana kwa sababu yangu. Pikapu moja ilitoka mji wa Kwanza, laining ya upande mmoja imeisha. Simiyu akasema tubadilishe pande zote mbili, maana mpya na ya zamani hazishiki sawa. Alipoenda kula, mimi nikafunga upande mmoja tu. Mvua iliponyesha, mteja alikanyaga breki, gari likageuka likaingia mtaroni. Alitoka mzima, namshukuru Mungu. Simiyu hakunigombeza. Alibeba sanduku lake la spana akarudi kwao Bungoma. Nami badala ya kusema nisamehe, nikasema anaringa. Hatukupigiana simu tena. Alipougua niliambiwa. Alipokufa niliambiwa. Sikwenda kumzika, niliona aibu.

Ilinichukua miezi minane kupata moyo wa kwenda kumwona mjane wake, Mama Nafula. Nilipopita Kamukuywa, magurudumu ya nyuma yakaanza kukwaruza. Gari la fundi ndilo huwa bovu kuliko yote, au nadanganya? Seti mpya ya viatu ilikuwa chini ya kiti wiki mbili nzima, tena niliichagua vizuri: niliweka kiatu cha zamani juu ya kaunta, nikalinganisha upana na kila tundu. Kazi yenyewe ndiyo sikuwa nimefanya.

Nikaegesha pale Misikhu, mbele ya kibanda cha chai, nikainua nyuma yote, nikaweka magogo, nikavua dramu. Mawazo yangu yalikuwa kwa Mama Nafula, nitamwambia nini. Kushtuka, nimebomoa pande zote mbili, na springi zote zimo kwenye karai moja. Mvua ikaanza. Nilikaa kwenye matope nikajisikia mpweke kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Ndipo nikasikia upande wa kulia: ti, ti. Spana inagonga dramu. Simiyu hakuwahi kurudisha dramu bila kuigonga kwanza. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Hii ililia vizuri. Kisha sauti, chini, bila hasira:

"Umebomoa zote mbiri?"

Niamini, sikuogopa. Mikono ilijibu kabla ya kichwa, kwa mazoea. Nikauliza, "Springi ya juu ni gani, bana?"

"Ya kijani. Ndoano iangarie ndani."

"Na kiatu kirefu?"

"Nyuma."

Tukafanya kazi hivyo mpaka nikafunga upande wangu. Nilikuwa na lile neno moja, nisamehe. Nikaona nimwambie ana kwa ana. Nikainuka, nikazunguka gari.

Hapakuwa na mtu. Breki ya kulia ilikuwa imefungwa, dramu mahali pake, na chini kwenye matope hapakuwa hata na alama ya mguu.

Mama wa chai akaja na vikombe viwili. "Mwenzako ameenda wapi? Si mlikuwa mnaongea hapa saa hii?" Nilichukua kikombe kimoja. Kikombe cha pili kilipoa juu ya boneti.

Bungoma nilikuta vumbi, mvua haikuwa imefika. Mama Nafula alinipokea bila lawama, akaniletea sanduku la spana. "Shemeji, alikataa tuuze hii. Alisema utaikujia tu." Kufuli halikuwa limeguswa tangu azikwe. Tulipolifungua, spana zote zilikuwa na kutu, isipokuwa namba kumi na nne. Hiyo ilikuwa na maji, na lile vumbi jeusi la breki.

Nililia mbele ya mjane wa watu. Nilimwomba msamaha akanisamehe, lakini si yeye niliyemkosea.

Sasa nafanya kazi peke yangu, na nabomoa upande mmoja mmoja. Saa nne naagiza chai mbili. Nikimaliza gurudumu la kushoto natulia kidogo, nasikiliza upande ule mwingine. Miaka mitatu sasa, kimya.

Kwa hivyo wewe mwenye gari, ukibadilisha viatu vya breki, badilisha pande zote mbili. Na kama siku moja utasikia mtu uliyemkosea akifanya kazi ng'ambo ya gari, usifanye kosa langu. Sema kwanza ulilo nalo. Ndipo uinuke.