Fundi Saa na Ramani

Wiki hiyo, kila jioni, fundi saa wa mtaa wa Gitega alifunga kibanda mapema na kupanda pikipiki hadi kwenye msitu wa mikaratusi wa Ndera, nje ya jiji, kujizoeza mbio za ramani na dira. Alikimbia taratibu, kidole gumba kikiwa juu ya ramani pale alipofika. Kwenye kila njia panda aliinua karatasi kuisoma, kila siku karibu zaidi, mpaka ikawa inamgusa pua. Wenzake wa klabu walidhani ni mazoea tu. Aliwaacha wadhani hivyo, kwani nani angempa saa yake fundi asiyeona?

Jumapili, siku ya mashindano, aliwatangulia wote hadi bonde la mwisho. Hapo mistari ya ramani ikachanganyika, ikawa doa moja la kahawia. Alipangusa macho kwa shati, akaigeuzia karatasi kwenye jua, lakini wapi. Ihirwe, binti wa klabu yao, akatokea nyuma akihema. Sheria inakataza kuulizana njia.

“Ihirwe, mwanangu,” alisema kwa sauti ya chini, “nisomee hapa. Sioni.”

Binti alimtazama, kisha akamwonyesha. Mzee akafika wa kwanza, watu wakapiga makofi, lakini yeye alinyoosha moja kwa moja hadi meza ya waamuzi.

“Mnifute. Nimesaidiwa.”

“Kusaidiwa nini, muzee?”

“Kusoma. Macho yangu yanakufa,” alisema, na wote wakasikia.

Kisha akaketi kwenye nyasi. Ihirwe akaja, akakaa kando yake, akamfungulia chupa ya maji.