Vidole vya Mwalimu

Kwa nini Mwalimu alilia tulipomsifu? Swali hilo lilinirudia juzi, nilipomwona mtu akipiga sello, ile fidla kubwa, jukwaani.

Alasiri ile kule Chiwata, baada ya somo la sello, tulichoma korosho na moshi ukatuwasha macho. Mwalimu aliokota moja kwenye makaa kwa mkono wa kushoto, akaibangua taratibu. Nikasikia harufu ya ngozi.

"Mwalimu, unaungua."

"Wapi?"

Kaka yangu alicheka. "Mwalimu kidume, moto kwake maji."

Mwalimu alivitazama vidole vyake vya kubonyeza nyuzi, akalia. Hakupiga sello wala kufundisha tena. Alijifungia ndani hadi alipofariki. Nilidhani tulimuudhi.

Chuoni ndipo nilipojua kwamba ganzi ile ni dalili ya ukoma, na kwamba dawa yake hutolewa bure.