Sandale Iliyoshika Nafasi

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Chef wa parking hakunionyesha bureau, ju bureau hakukuwa. Alinionyesha banc ya mbao chini ya hangar, paa ya mabati bila kuta. Juu yake kulikuwa kofia, sahani, parapluie ya mvua na kipande cha tofali.

"Unaona nini?"

"Takataka, Chef."

"Hawa ni bapasenja bako. Banakunywa chai ngambo ya barabara. Ukisogeza mumoja, unarudi kwa mama yako."

Nyinyi bavijana munafikiri parking ni mahali pa kelele tu. Treni haijafikaka Butembo. Reli tuliiona mu kitabu cha masomo. Gare yetu ilikuwa parking ile ya mwisho wa mji, penye kutokea barabara ya Beni. Tulikuwa na pipa ya maji ya kunywa, dépôt ya mizigo yenye kufuli, na choo chenye mulango wakati fundi alikumbuka. Miye nilikuwa pointeur, ni kusema mwenye kuhesabu batu mbele kamio, lori ya safari, itoke. Nilihesabu mara mbili: kwanza batu, kisha bintu bya juu ya banc, ju kintu kilishika nafasi ya mwenyewe. Hata mwizi wa soko aliheshimu banc ile. Alienda kuiba kwingine.

Vita ikaja. Wenye bunduki bakatuletea Chef de service mupya, mahali pa Chef wa parking, kijana wa shati nyeupe ambaye hakujua kamio inapandwa upande gani.

Asubuhi moja Mama Masika, muuza-ndizi, alifika wa kwanza. Binti yake alikuwa analala hospitali ya Beni, munganga anangoja damu ya mama. Aliweka sandale moja mbele kabisa ya banc, akaenda kutafuta maji. Hapo risasi zikalia upande wa soko. Batu bote bakakimbilia mashamba ya kahawa. Bintu bikabaki.

Saa tisa kukatulia. Kamio moja tu ikafika, nyuma imejaa mizigo ya Commandant wa wale wenye bunduki. Mu kabini kulibaki nafasi moja. Wa kwanza kutokea ni Chef de service, na matela ya kulalia ya shemeji yake.

"Pointeur, hapa hakuna mutu. Pakia matela."

"Iko mutu, Chef. Ona sandale."

"Sandale si mutu."

"Mais haikujileta yenyewe."

Nikamufanyia bei: matela ishike nafasi ya pili, nyuma ya sandale, na chai nitalipa miye. Alikataa. Akaita askari. Askari naye akaangalia banc, akaona kofia yake mwenyewe iko ya tatu, akasema, "Chef, tungoje kidogo."

Shofere alizima moteur. "Miye sitoki na fujo," akasema, akafunga macho.

Mama Masika akatoka mu kahawa na matope mpaka magotini, muguu moja bila kiatu. Alivaa sandale, akapanda. Binti alipona, leo yeye ndiye ananiuziaka sukari, na hanipunguziaki bei hata kidogo.

Miye nilipewa mutation ya kwenda parking ya Bungulu, kule Beni, "ju ya kukosa adabu kwa matela". Ni shofere aliyesema vile. Barua yenyewe iliandika "nidhamu". Bungulu hakukuwa hangar wala banc. Nilitafuta ubao, nikauweka juu ya matofali, na batu bakajua kazi yake bila kuelezwa. Nimefanya kule mpaka uzee. Sasa naona bale bachef bapya banauza nafasi ya mbele kwa mwenye simu kubwa, mama mwenye mimba anasimama juani, na banaita ile "organisation". Inaniumiza kuliko miguu.

Siku ya kunipa retraite, ya kupumuzika kazi, balipanga viti mbele ya parking. Niliweka kofia yangu juu ya kiti cha kwanza, kile balisema ni changu, nikaenda kusalimia Mama Masika, aliyekuja na binti yake. Kurudi, délégué, mujumbe wa bureau kubwa, amekikalia. Kofia iko chini, mu vumbi.

"Chef, pale kuna mutu," nikamwambia.

"Papa, ni kofia tu."

Kisha akasimama, akashika micro, akawaambia batu namna gani muzee huyu alitufundisha kuheshimu nafasi ya kila mutu. Akakikalia kiti tena. Nilisikiliza hotuba yote wima, kofia mukononi.