Tawi la Mama Yoeli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeulalia mlima Lugendala mpaka mti ulio hatua kumi mbele hauonekani. Emerensiana Mtewele, sweta mbili mwilini, kitenge juu ya suruali na mabuti ya mvua miguuni, anakata tawi bichi kwa panga na kulilaza chini, likate njia ya kushoto. Analaza la pili. La tatu. Anarudi nyuma hatua tano, anatazama, anaguna, kisha anakwenda kukata la nne.

"Mwaka juzi nilikuwa naweka moja tu, naondoka zangu naimba," anasema bila kugeuka. "Leo hata nikiweka kumi, moyo haukubali."

Hapa ni kilomita ya tatu ya njia ya juu, ndani ya msitu wa hifadhi ulio mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Njombe mjini. Njia ya kulia inapanda hadi kileleni. Ya kushoto inashuka, inapinda, inapita ukingoni mwa korongo lenye kina cha mita kumi na tano. Kukiwa na jua unaliona korongo mapema. Kwa ukungu wa Julai unaliona ukiwa umeshafika.

Emerensiana, ambaye huku kila mtu anamwita Mama Yoeli, ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka tisa yeye na wanawake wenzake watano wamekuwa wakifyeka njia za mlima huu, kuchonga ngazi za udongo na kuongoza wageni wanaokuja kupanda. Siku ya kufyeka analipwa shilingi elfu kumi na mbili, siku ya kuongoza elfu ishirini na tano. Mvua za masika zikikolea, njia aliyoifyeka Jumatatu inakuwa imeshamezwa na majani wiki mbili baadaye, naye anaanza upya.

"Kazi ya mlima ni kama kuosha vyombo," anasema na kucheka kidogo. "Hakuna siku utasema nimemaliza."

Kicheko kinakatika haraka. Leo si siku yake ya kucheka.

Mwezi Mei dereva wa lori kutoka Makambako, Tarsis Mligo, alikuja kupanda na wenzake, akawatangulia, akashika njia ya kushoto. Aliteleza korongoni saa sita mchana. Walimtoa saa kumi na moja jioni, kifundo cha mguu kimevimba, meno yanagongana kwa baridi. Alipoulizwa na ofisi ya hifadhi kama kulikuwa na alama ya kuzuia njia ile, alijibu kwa kifupi: hakuna alama.

Mama Yoeli akala kiapo kwamba tawi aliliweka. Huku kwao mtoto wa darasa la kwanza anajua kuwa tawi bichi likilazwa kukata njia, maana yake usipite. Lakini nani angemwamini? Mgonjwa yuko kitandani na mguu wake, na tawi lenyewe watu waliokwenda kuokoa walilikanyaga likasambaratika.

"Niliitwa mwongo mbele ya watoto wangu," anasema. "Hawakutamka neno lenyewe. Walisema, labda ulisahau, mama. Labda ulichoka. Mimi nimeweka kwa mikono yangu, halafu naambiwa labda!"

Njia ya juu ilifungwa. Leo inafunguliwa kwa siku moja ya majaribio. Mhifadhi Ronald Kilasi, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alimweleza bila kuzunguka: kundi likipanda na kushuka salama, ataipendekezea kamati ya hifadhi njia ifunguliwe. Likitokea la kutokea, itafungwa moja kwa moja, na wanawake sita watarudi kwenye mashamba yao ya viazi.

Saa mbili kasorobo basi dogo linashusha watu langoni. Ni klabu ya mazoezi ya Makambako, watu kumi na tisa wenye fulana za kijani na makelele ya asubuhi. Wengi ni watu wa barabarani: madereva, mafundi, wauza vipuri, mama mmoja anayepika chakula kwenye maegesho ya malori. Mbele yao yuko mwenyekiti, Danford Mlowe, fundi magari mwenye kitambi na sauti ya kuamrisha.

"Kamwene!" anasema Mama Yoeli, akigawa salamu ya kikwao.

"Kamwene, mama!" wanaitika kwa pamoja.

Kisha anamwona mtu wa mwisho akishuka taratibu, akichechemea kwa mguu wa kushoto. Ni Tarsis. Mama Yoeli anashika nguzo ya lango.

"Shikamoo, mama," anasema Tarsis, macho chini.

"Marahaba, baba. Mguu?"

"Unaendelea vizuri."

Basi, yakaishia hapo. Mama Yoeli anasema baadaye kwamba alitamani kumuuliza pale pale kwa nini alimharibia jina, lakini alijizuia. Aliogopa akianza atalia, na mtu anayelia hawezi kuongoza watu kumi na tisa.

Anawahesabu. Anawahesabu tena kwenye ngazi ya kwanza. Anawahesabu kwenye daraja la magogo, mpaka Lidia, yule mpishi wa maegesho, anamtania, "Dada yangu, kwani sisi ng'ombe?" Watu wanacheka. Mama Yoeli anajaribu kucheka nao, midomo inakataa.

Ukungu badala ya kupanda unashuka. Kwenye mwinuko mkali kabla ya njia panda, Lidia anaishiwa pumzi na kukaa chini, mkono kifuani. Mama Yoeli anapiga filimbi, anawaambia wote wasimame walipo, anarudi nyuma kumfungulia zipu ya koti na kumpa maji. Dakika nne, tano. Lidia anapata nguvu, anasimama na kuomba radhi. Wanaendelea hadi njia panda, na hapo Mama Yoeli anageuka kuhesabu.

Kumi na nane.

Anahesabu tena, safari hii akimgusa kila mtu begani. Kumi na nane.

"Nani hayupo?" sauti yake imepanda. "Jamani, nani hayupo?"

"Mwenyekiti," anajibu mtu. "Alisema anatangulia kuangalia njia."

Mama Yoeli anatazama kulia. Udongo wa kulia ni laini, hauna alama ya kiatu. Anatazama kushoto. Matawi yake manne yamelala palepale alipoyalaza, na katikati yake kuna alama ya kiatu kikubwa. Matawi manne mabichi, mtu ana macho, na bado amepita!

"Amepita juu ya alama," anasema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kwa nini watu wanapita juu ya alama?"

Hapo ndipo Tarsis anaposogea mbele.

"Mama, alama ipi?"

"Hii hapa! Hamuyaoni majani?"

Tarsis anayatazama matawi, anamtazama yeye, na uso wake unabadilika.

"Mama yangu," anasema polepole, "sisi kwetu majani barabarani maana yake gari limeharibika mbele. Unapunguza mwendo, unapita kwa uangalifu. Mimi siku ile niliyaona. Nikapunguza mwendo. Nikapita."

Hakuna anayecheka. Madereva watatu wanatikisa vichwa kukubali. Kumbe kwa miezi miwili yeye na huyu kijana wote walikuwa wanasema kweli.

"Na mwenyekiti wenu ni fundi," anasema.

"Ndiyo, mama. Fundi akiona majani haendi pembeni. Anakwenda kusaidia."

"Kaeni chini! Wote! Asiinuke mtu!"

Anaruka matawi yake mwenyewe na kutokomea. Tarsis, ambaye mguu haumruhusu kukimbia, anabaki akipiga filimbi aliyoachiwa, mara moja kila baada ya muda mfupi, ili wenzake wasisogee na Mama Yoeli aliyeko chini ajue waliko. Lidia ameanza kusali kwa sauti. Wengine wanamsihi Mungu kimoyomoyo. Huko chini hakusikiki kitu zaidi ya maji yanayodondoka kwenye majani.

"Sikuona njia," Mama Yoeli anakumbuka. "Niliijua kwa miguu tu. Nilikuwa naita, mwenyekiti, simama! Nikaogopa pia kuita. Nikasema, nikimshtua atapiga hatua."

Alimkuta kwenye kona. Danford alikuwa amesimama hatua tatu kutoka ukingoni, mikono imezunguka mdomo, akiuita ukungu kwa sauti yake yote.

"Wapi mmeharibikiwa? Nimefika!"

Mama Yoeli alimshika fulana kwa nyuma, akamvuta, wote wakaangukia matako kwenye tope. Fundi akataka kufoka. Kisha upepo ukaufungua ukungu kidogo, akaona alipokuwa anaelekea, akanyamaza. Walirudi juu wameshikana mikono. Kundi liliwapokea kwa vigelegele, na Lidia akalia kama mtoto.

Kileleni hawakufika. Mama Yoeli aliwageuza wote, wakashuka.

Njiani Danford alirudiwa na sauti yake. Akawakusanya watu karibu na lango na kusema mambo ya mlimani yaishie mlimani. Walikwenda salama, wamerudi salama, mama huyu asipoteze kazi kwa kiherehere cha fundi. Watu wote waliafiki. Jamani, nani asingeafiki? Mama Yoeli mwenyewe aliwashukuru, akawaomba wamsubiri kidogo, akaingia kwenye kibanda cha mhifadhi.

"Mhifadhi, nimepoteza mtu kwa dakika kumi na moja," alisema kabla hata hajakaa.

Akaeleza yote. Tarsis akaitwa, akaeleza yake, na kuongeza sentensi aliyoichelewesha tangu Mei: "Tawi lilikuwepo. Mimi nilisema hakuna alama kwa sababu sikujua kama ile ni alama. Mama hakusema uongo."

Mama Yoeli alifunika uso kwa kitenge. Alilia pale, mbele yao, bila haya.

Ronald alimwacha alie. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maelezo ya Mama Yoeli, lilimchoma kuliko yote.

"Mama yangu, mwaka jana ofisi iliwaambia mzibe ile njia kwa magogo. Magogo yapo. Kwa nini hamkuziba?"

Nje wale wa klabu walikuwa wanakunywa chai, vikombe vinagongana.

"Kwa sababu ndiyo njia ya kwetu," alijibu hatimaye. "Nikipita ile nafika nyumbani kwa nusu saa. Nikizunguka kwa barabara ni saa moja na dakika ishirini. Tawi linamzuia mgeni, mimi naliruka na mzigo wangu wa kuni. Gogo lingenizuia na mimi." Akapangusa macho. "Nilijipendelea, mhifadhi. Andika hivyo."

Ronald aliandika yote mawili, la Mei na la leo. Kamati itakaa Jumatano. Hakumwahidi kitu, na Mama Yoeli hakuomba kuahidiwa.

Saa nane mchana, basi likiwa limeshaondoka, yeye na wenzake wawili wamerudi njia panda na majembe. Ukungu umepungua. Wanabingirisha magogo, wanayapanga moja juu ya jingine, nyuma yake wanalima udongo uliokanyagwa kwa miaka mingi mpaka unabadilika rangi. Mama Yoeli anapiga jembe kwa hasira ya mtu anayefukia deni la moyoni, kila pigo na pumzi yake.

Kutoka upande wa chini anatokea jirani yake, Teodora, mzigo wa kuni kichwani. Anasimama mbele ya magogo, anayatazama kushoto na kulia.

"Mama Yoeli, ndiyo nini hiki? Mimi nipite wapi?"

"Leo nakushikia mzigo, uruke. Kuanzia kesho zunguka."

"Nizunguke! Na magoti haya? Nani kawatuma?"

"Hakuna aliyetutuma."

"Wee! Na wewe je, utapita wapi kwenda kwako?"

"Nitazunguka."

Teodora anamtazama kwa muda kama anayetafuta utani usoni pake, asiuone. Anatoa mzigo kichwani, anampokeza juu ya magogo, anapanda huku akinung'unika kwa Kibena, na maneno yake hayafai kuandikwa gazetini. Wenzake wananong'ona kwamba kesho kijijini watanuniwa na watu wengi.

Mama Yoeli anajua. Anasema Jumapili baada ya misa atasimama awaeleze, na atakayetaka kumtukana amtukane. Mvua za Novemba zikianza anataka kupanda miche ya miti ya asili kuanzia njia panda mpaka kwenye kona ya korongo, awe bado ana kazi hapa au hana.

"Jumatano wakiniondoa, nitakuja kuimwagilia kama mwanakijiji," anasema, akiegemea mpini wa jembe. "Nataka mgeni afike hapa, iwe dereva, iwe fundi, iwe mtoto, akute msitu tu. Asiwe na kitu cha kuniuliza."

Anamrudishia mwenzake jembe, anafunga kitenge vizuri, na kuanza kushuka kuelekea barabarani. Ana saa moja na dakika ishirini za kutembea kabla ya kufika nyumbani.