Makanoni Hawakuwa Watoro

Emérance Bisimwa alishachoka kuambiwa aandike habari za wakimbizi. Asubuhi anasoma historia chuoni Kensington, mjini Sydney, mchana anakimbilia kazi yake ya kuogesha wazee Fairfield, na kila akikutana na profesa wake wimbo ni ule ule: "Wewe umetoka Kongo, una mengi ya kusema kuhusu ukimbizi."

Mengi anayo, ndiyo. Ila hataki. Anachotaka ni lile kanisa la kisiwani huko Ulaya, la miaka mia saba iliyopita, ambako mapadre kumi na wawili walioitwa makanoni waliimba sala kwa zamu. Aliyekosa zamu aliandikwa jina, akanyimwa mkate wa siku hiyo. Profesa alishatoa kitabu kizima akisema makanoni wale walikuwa watoro, wanavuka kwenda bara kustarehe. Sasa amempa Emérance wiki moja: alete jambo jipya, ama abadilishe mada.

Watoro, eti. Emérance kazaliwa kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, na adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ziwa likichafuka, aliyekwenda sokoni Bukavu analala huko huko siku tatu, na hakuna anayemwita mtoro. Basi akalitafuta daftari la jiko la kanisa lile, ambalo hakuna aliyejisumbua kulisoma, akalilinganisha na la zamu. Siku zile zile ambazo makanoni walikosekana, unga wa kutoka bara nao haukufika: bahari ilichafuka, hakuna chombo kilichovuka. Hata waliobaki kuimba hawakula mkate.

Ijumaa akamwekea profesa karatasi zake mezani. Mzee akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Ni kweli," akasema. "Hapa mimi nilikosea."

Emérance akashusha pumzi.

"Unaona maisha yako yanavyokusaidia?" profesa akaendelea. "Ndiyo maana nasema, habari za wakimbizi ungeziandika vizuri zaidi."

Hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Pale mezani ilikuwapo fomu ya mada. Profesa alishaijaza, "Wakimbizi wa Kongo mjini Sydney", imebaki saini tu. Emérance akayakata maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika jina la kisiwa, akamsukumia fomu na kalamu.

"Saini, profesa. Shifti yangu inaanza saa nane."

Profesa akasaini bila kumtazama. Emérance alifika kazini amechelewa, na hasira bado hazijamtoka.